Mbarika Ndani ya Injini: Historia ya Kuchanganya Oili na Alkoholi katika Injini za Mashindano za Mipigo Miwili

Utangulizi

Katika eneo letu mmea wa mbarika una majina mengi. Waswahili huuita mbarika, mbono au mnyonyo. Waganda huuita nsogasoga. Wanyarwanda na Warundi huuita ikibonobono. Anayelinganisha lugha za Kibantu ataona mara moja kuwa mbono na ikibonobono ni ndugu, na wanaisimu historia wameurudisha mzizi huo hadi Kibantu cha kale kabisa. Wataalamu wa mimea nao huitaja Ethiopia na Afrika Mashariki kuwa chimbuko la mmea wenyewe. Mafuta ya mbegu zake yamepakwa ngozini, yamewasha taa na yametumika kama dawa ya kufungua choo. Herodotus aliandika kuhusu Wamisri wa kale waliowasha taa kwa mafuta haya karne nyingi kabla ya kuzaliwa Kristo.

Jambo lisilojulikana sana kwetu ni kwamba mafuta hayohayo yaliingia katika injini za ndege na baadaye katika injini za mashindano zinazochoma alkoholi. Hadi leo hayajatoka. Wakati karibu kila injini duniani ilipohamia kwenye oili itokanayo na mafuta ghafi, kundi moja dogo la injini liliendelea kudai mafuta ya mmea. Kundi hilo ni la injini za mipigo miwili zinazotumia methanoli. Insha hii inauliza swali moja: kwa nini?

Jibu ambalo hutolewa haraka ni kwamba wanamichezo ni watu wa mazoea na waliipenda harufu ya mbarika inapoungua. Insha hii inapinga jibu hilo. Hoja yangu ni kwamba katika injini ya mipigo miwili utelezi wa oili huja baada ya sharti jingine, yaani oili iweze kuyeyuka ndani ya kile kinachochomwa. Sharti hilo ndilo lililoibakiza mbarika mashindanoni, na limeandika historia ambayo sehemu yake ni yetu.

Kabla ya kuendelea, istilahi zinahitaji kuwekwa wazi, kwa sababu neno letu "mafuta" lina mzigo mkubwa. Mafuta ni ya kupikia, ni ya kujipaka, ni petroli, na pia ni kile kinacholainisha vyuma. Waendesha bodaboda wamelitatua tatizo hili zamani: wao huweka mafuta na hubadilisha oili. Nitawafuata. Katika insha hii oili ni kilainishi. Petroli na alkoholi ni vinavyochomwa, na kwa pamoja nitaviita fueli. Mafuta ya mbarika yatabaki na jina lake, ingawa kazi yake humu ni ya oili.

Injini inayopitisha kila kitu njia moja

Bodaboda nyingi za siku hizi zina injini ya mipigo minne. Oili hukaa chini ya injini, huzungushwa, hulainisha, hurudi chini na kubadilishwa baada ya muda. Petroli hupita kwingine kabisa, kutoka kwenye kabureta hadi juu ya pistoni. Vitu hivi viwili havikutani ila injini ikiwa mbovu.

Injini ya mipigo miwili haina utengano huo. Mskoti Dugald Clerk alipata hataza ya injini ya aina hii mwaka 1881, lakini yake ilitumia silinda ya pili kusukuma mchanganyiko wa hewa na gesi. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1891, pale Joseph Day wa mji wa Bath, Uingereza, alipoifanya sehemu ya chini ya injini yenyewe iwe pampu. Pistoni inapopanda, hunyonya hewa na fueli kuingia katika kasha la krenki. Inaposhuka, huusukuma mchanganyiko huo kupitia tundu la pembeni hadi juu ya silinda. Mfanyakazi wake, Frederick Cock, aliiboresha mwaka uliofuata kwa kuifanya pistoni yenyewe ifungue na kufunga matundu yote. Vali hazikuhitajika tena. Injini ikawa nyepesi, rahisi kutengeneza, na yenye mlipuko katika kila mzunguko wa krenki badala ya kila mzunguko wa pili.

Wepesi huo ulikuwa na gharama yake. Kama kasha la krenki ndiyo njia ya fueli, haliwezi kuwa pia bwawa la oili. Oili yoyote inayowekwa humo itabebwa na hewa, itapanda juu na kuungua. Watengenezaji wa mwanzo walitumia matone au pampu ndogo ya mkono ambayo dereva aliisukuma akiwa barabarani. Pikipiki za Scott, ambazo zilishinda mbio kubwa za kisiwa cha Man mwaka 1912 na 1913 na kuwathibitishia watu kuwa mipigo miwili haikuwa mzaha, zililainishwa kwa mfumo wake pekee. Lakini baada ya muda njia iliyoshinda katika injini ndogo ilikuwa rahisi kuliko zote: mimina oili ndani ya tangi la petroli, tikisa, ondoka.

Wavuvi wengi wa Ziwa Viktoria wanaifahamu njia hii. Mashine nyingi za boti zao ni za mipigo miwili, na kabla ya kuingia ziwani mtu hupima oili na kuichanganya na petroli ndani ya kibuyu cha plastiki. Watoto wanaoshindana motokrosi kwenye pikipiki za sisi 65 na 85 hutegemea mchanganyiko wa namna hiyo. Petroli na oili ya kawaida havileti ubishi, kwa kuwa vyote viwili hutoka katika mafuta ghafi. Ni watoto wa tumbo moja. Ubishi huanza pale petroli inapoondolewa na mahali pake kuwekwa alkoholi.

Mbarika angani: kutoyeyuka kama sifa

Ili kuelewa ubishi huo, ni lazima kwanza tuitazame injini moja ambayo si ya mipigo miwili, kwa sababu ndiyo iliyoipa mbarika jina katika ulimwengu wa mitambo.

Mwaka 1909 ndugu wa familia ya Seguin, nchini Ufaransa, walianza kuuza injini ya ndege iliyoitwa Gnome. Silinda zake zilipangwa kama miale ya jua, na zilizunguka zote pamoja na rafadha huku krenki ikiwa imesimama. Hewa na petroli viliingia kupitia ndani ya krenki, vikajaa katika kasha, kisha vikaelekea kwenye silinda. Ilikuwa injini ya mipigo minne, lakini ilikuwa na tatizo lilelile la injini ya Day: fueli na oili vilikutana mahali pamoja.

Oili ya kawaida ingeyeyuka ndani ya petroli, ingekuwa nyepesi na kuoshwa kutoka kwenye vyuma. Mafuta ya mbarika hayayeyuki kwa urahisi katika petroli. Yalipigwa kwa pampu, yakabaki mazito juu ya beringi na pistoni, kisha yakarushwa nje na kupotea. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia injini za namna hii zilikuwa nyingi angani, na marubani waliruka wakivuta moshi wa mbarika. Kwa kuwa kila mtu anajua mbarika hufanya nini tumboni, hadithi za matatizo yao zilisimuliwa sana. Mahitaji ya mbegu yalipanda hadi serikali ya Marekani ikahimiza kilimo cha mbarika katika majimbo ya kusini. Huko Uingereza kampuni ya Charles Wakefield ilikuwa tayari imeipa oili yake jina la Castrol, linalotokana na jina la Kiingereza la mmea huu. Jina hilo bado limeandikwa kwenye makopo ya oili katika maduka ya vipuri ya miji yetu, ingawa sehemu kubwa ya kilichomo leo haina uhusiano na mbarika.

Msomaji aikumbuke hoja ya sehemu hii. Angani, mbarika ilipendwa kwa sababu haikuyeyuka katika fueli. Tutakapofika kwenye methanoli, itapendwa kwa sababu inayeyuka.

Alkoholi inaingia mashindanoni

Zamani methanoli ilipatikana kwa kuchoma kuni bila hewa na kukusanya mvuke wake. Ilikuwa ghali na chache. Mwaka 1923 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuitengeneza kwa wingi kiwandani Leuna, kwa kuunganisha gesi chini ya shinikizo kubwa. Hapo ndipo ilipoweza kuwa fueli ya watu wengi zaidi. Katika miaka ya 1930 magari ya mashindano ya Mercedes-Benz yalichoma mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa ilikuwa methanoli.

Kwa hesabu ya kwanza, uchaguzi huo unashangaza. Kilo moja ya methanoli ina nishati ya takriban megajuli 20, wakati ya petroli inafika 44 hivi. Lakini injini hubanwa na kiasi cha hewa inachoweza kuvuta zaidi ya kiasi cha fueli kilicho tangini. Kilo moja ya petroli inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Methanoli inahitaji kilo 6.4 tu. Ukigawanya, utaona kuwa kwa kila kilo ya hewa methanoli hutoa nishati sawa na petroli, hata ikizidi kidogo.

Faida kubwa iko katika ubaridi. Methanoli inapogeuka mvuke hunyonya joto jingi, takriban mara tatu ya petroli kwa kila kilo, na kwa kuwa inaingia kwa wingi zaidi, athari yake ni kubwa mno. Hewa hupoa, hujikunja, na nyingine zaidi huingia. Methanoli pia haikimbilii kulipuka kabla ya wakati, kwa hiyo fundi anaweza kubana mchanganyiko zaidi. Kwa injini ya mipigo miwili hii ni neema, kwa sababu pistoni yake hupigwa na moto katika kila mzunguko na haina kipindi cha kupumua. Pistoni iliyotoboka ni ugonjwa wake wa kawaida, na methanoli ni kama maji ya baridi usoni mwake.

Hata hivyo neema hiyo ililetwa na mdai. Fundi aliyezoea kumimina oili ya kawaida katika petroli akifanya hivyo katika methanoli ataona vitu viwili vikikaa mbalimbali ndani ya chupa. Atatikisa, vitachanganyika kwa dakika chache, kisha vitaachana tena. Oili itatua chini ya tangi, injini itapelekewa mara oili tupu, mara methanoli tupu. Katika injini ya mipigo minne hili si tatizo, maana oili ina makazi yake. Katika mipigo miwili ni kifo cha injini.

Sababu iliyomo ndani ya mbegu

Hapa inabidi tuingie kidogo katika kemia, kwa sababu bila hiyo historia hii inabaki orodha ya matukio.

Kanuni tuliyofundishwa shuleni inasema kinachofanana huyeyuka katika kinachofanana. Alkoholi ina kiungo cha oksijeni na haidrojeni, kile kiungo kinachoifanya ielewane na maji. Oili itokanayo na mafuta ghafi haina kiungo hicho. Ni minyororo ya kaboni na haidrojeni peke yake, nayo na methanoli hawasalimiani.

Mafuta ya mbarika ni ya pekee miongoni mwa mafuta ya mimea. Karibu asilimia 90 ya asidi zake ni asidi ya risinoleiki, na kila mnyororo wa asidi hiyo umebeba kiungo kilekile cha alkoholi. Kwa hiyo mbarika huyeyuka katika methanoli bila kushurutishwa, na kwa sababu hiyohiyo haipendi sana kuyeyuka katika petroli. Kiungo kimoja kinaeleza mambo yote mawili. Rubani wa Gnome na fundi wa methanoli walinunua mafuta ya mbegu moja, kwa sifa moja ya kemia, lakini kwa mahitaji yaliyopingana.

Kiungo hichohicho huyafanya mafuta haya yashikamane na chuma. Injini inapopata joto kupita kiasi, mbarika haikimbii haraka kama mvuke. Huanza kuungana na kuwa utando mzito unaoendelea kuilinda pistoni kwa muda. Fundi anapokosea kipimo cha jeti ya kabureta na injini ikapata fueli kidogo mno, utando huo huweza kuiokoa. Ubaya ni kwamba utando ukizidi hugeuka gundi ya rangi ya kahawia. Ringi za pistoni hunasa na matundu ya ekzosi huziba, na injini hulazimika kufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara.

Kutoka ndege za mfano hadi boti

Mahali ambapo ndoa hii ya mbarika na methanoli ilienea kwa mara ya kwanza kwa maelfu ya watu ni katika injini ndogo za ndege za mfano. Injini hizo zilichoma petroli na kubeba betri, koili na plagi ya cheche, mzigo mzito kwa kifaa kidogo. Mwaka 1947 Mmarekani Ray Arden alileta plagi ya waya wa platinamu. Waya hupashwa joto kwa betri wakati wa kuwasha, kisha betri huondolewa. Mvuke wa methanoli unapoigusa platinamu huichochea kubaki nyekundu, na injini hujiwasha yenyewe mzunguko baada ya mzunguko.

Petroli haina uwezo huo juu ya platinamu. Kwa hiyo methanoli ikawa lazima, na methanoli ilipokuwa lazima, oili ya kawaida ikatupwa nje na mbarika ikaingia. Mnyororo wa sababu hapa uko wazi: hakuna aliyeketi na kuamua kurudi kwenye mafuta ya mmea. Waya mdogo uliamua fueli, na fueli ikaamua oili. Katika mashindano ya kasi ya ndege zinazozungushwa kwa kamba, kanuni za shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, ziliweka fueli ya pamoja: asilimia 80 methanoli na asilimia 20 oili, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa mbarika. Shabaha ilikuwa haki. Washindani walikuwa wakiongeza nitromethani na kemikali nyingine ghali, na mwenye fedha nyingi angeweza kununua ushindi. Kwa kipimo hicho injini ya sisi 2.5 tu hufikisha ndege mwendo unaokaribia kilomita 300 kwa saa.

Mwaka 1956 Art Ingels, aliyefanya kazi katika karakana ya magari ya mashindano huko Glendale, California, alifunga injini ya mipigo miwili ya mashine ya kukatia nyasi kwenye fremu ndogo ya bomba. Hiyo ndiyo karti ya kwanza. Miaka michache baadaye kampuni ya McCulloch, iliyokuwa ikitengeneza misumeno ya kukatia miti, ikaanza kuuza injini za karti. Katika baadhi ya madaraja ya mashindano Marekani iliruhusiwa kuchoma methanoli, na vijana waliozoea msumeno wa mnyororo wakalazimika kujifunza somo la ndege za mfano.

Mfano unaoonyesha vizuri nguvu ya kanuni ni ule wa injini za König, zilizotengenezwa Berlin kwa ajili ya mashindano ya boti. Majini, zilichoma methanoli iliyochanganywa na mafuta ya mbarika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kim Newcombe, raia wa New Zealand aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni hiyo, aliifunga injini ya silinda nne ya boti kwenye pikipiki ya sisi 500. Mwaka 1973 alishinda mbio za Yugoslavia, na licha ya kufariki katika ajali mwezi Agosti kule Silverstone, alimaliza msimu akiwa wa pili duniani. Lakini barabarani kanuni zilidai petroli. Injini ya ukoo uleule ilikuwa na fueli moja majini na nyingine nchi kavu, kila moja na oili yake na jeti zake. Anayetaka kuandika historia ya oili kwa kutazama vyuma peke yake ataikosa nusu ya habari. Nusu nyingine imeandikwa katika vitabu vya kanuni.

Ubishi wa uwiano

Hakuna jambo lililobishaniwa na mafundi kama uwiano. Kiini cha ubishi ni hesabu ambayo mtu anaweza kuifanya kwenye karatasi.

Tuchukue injini inayotumia lita 1 ya petroli katika mbio, yenye uwiano wa oili 1 kwa petroli 20. Oili iliyopita ni mililita 50. Sasa injini hiyo igeuzwe kuchoma methanoli. Kwa kuwa methanoli huhitaji hewa kidogo, injini itakunywa zaidi ya mara mbili, tuseme lita 2 na kidogo. Kwa uwiano uleule wa 1 kwa 20, oili itakayopita ni zaidi ya mililita 100. Fundi hajabadilisha namba kwenye kipimo chake, lakini ameongeza oili maradufu.

Kundi moja likasema: basi tupunguze oili kwa nusu. Kundi la pili likajibu kuwa methanoli haigeuki mvuke yote ndani ya kasha la krenki. Nyingi hupita ikiwa bado majimaji, ikiosha oili kwenye beringi inapopita. Ni lazima oili iwe nyingi ili ibaki ya kutosha. Injini za ndege za mfano, kwa asilimia 20 zao, zilikuwa ushahidi wa kundi hili. Kila upande una sehemu ya ukweli, ndiyo maana wenye karti na boti walikuwa na vipimo tofauti kulingana na mzunguko wa injini, aina ya beringi na urefu wa mbio.

Kuna mtego mwingine uliowanasa wengi. Mtu akiona injini inapata joto, huongeza oili akidhani anailinda. Lakini jeti ya kabureta hupitisha kiasi kilekile cha majimaji. Kila tone la oili lililoongezwa limechukua nafasi ya tone la fueli, na kwa mbarika, mchanganyiko wote huwa mzito na kupita polepole zaidi. Injini inapata fueli pungufu, inazidi joto. Anayebadilisha uwiano wa oili anabadilisha pia uwiano wa hewa na fueli, na asipobadilisha jeti ataiua injini kwa nia njema.

Elimu hii ilipitishwa zaidi kwa midomo, kutoka fundi hadi fundi, mbali na vitabu. Wanaosoma fasihi simulizi hawatashangaa. Maarifa ya kazi, kama methali, hubaki mafupi ili yakumbukwe: namba moja kwa namba nyingine. Hatari ya ufupi huo ni kwamba namba husafiri bila sababu yake, na namba ya petroli ikitumika kwa methanoli husema kitu tofauti.

Gharama na sumu

Historia ya haki haiishii kwenye ushindi. Methanoli hunyonya unyevu hewani, na maji yakiingia, mbarika huanza kujitenga. Methanoli pia hula alumini na hasa magnesiamu, vyuma vyepesi vinavyopendwa na wenye mashindano. Baada ya mbio tangi lilipaswa kumwagwa, kabureta kusafishwa, na injini kupewa oili ya kuilinda kabla ya kulala. Aliyekwenda kusherehekea kwanza alirudi asubuhi kukuta unga mweupe ndani ya kabureta.

Hatari kubwa zaidi ni kwa binadamu. Moto wa methanoli ni wa buluu hafifu ambao juani hauonekani. Mtu anaweza kuungua huku wenzake wakimshangaa anachezea nini. Kimiminika chenyewe, kikinywewa, mwili hukigeuza kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia mshipa wa macho na kuua. Nchini Uganda hatuhitaji kitabu cha mashindano kulijua hili. Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa wilayani Kabale na kwingineko baada ya kunywa waragi uliochanganywa na methanoli. Kwa jicho na pua, ethanoli ya waragi na methanoli ya injini hazitofautiani vya kutosha kumwokoa mnywaji.

Naligusa jambo hili kwa sababu linaonyesha thamani ya kuandika historia ya mitambo kwa lugha ambayo watu wanaisikia. Fundi wa karti alionywa kwa maandishi kwenye pipa, kwa lugha yake. Mnywaji wa Kabale hakuonywa na mtu. Mada inayoonekana kuwa ya wapenda kasi wa nchi za mbali inagusa maneno ambayo kwetu ni ya uhai na kifo, na maneno hayo yanafaa yawe katika Kiswahili.

Je, ilikuwa mazoea tu?

Narudi kwenye jibu nililolipinga mwanzoni. Ni kweli kwamba harufu ya mbarika inapendwa, na wapo watu waliotia matone yake kwenye petroli kwa ajili ya harufu peke yake. Lakini mazoea hayawezi kueleza mpangilio wa matukio. Pale petroli iliporuhusiwa au kuamriwa, kama katika pikipiki za mbio za barabarani, mbarika ilipungua kadiri oili nyingine zilivyoboreshwa. Pale methanoli ilipobaki, mbarika ilibaki. Kama sababu ingekuwa mapenzi, ingedumu pote au ingefifia pote.

Ushahidi wa pili unatoka kwenye mpinzani wake. Oili zilizofaulu kuchukua sehemu ya nafasi yake katika methanoli ni zile za sintetiki zilizotengenezwa makusudi ziyeyuke katika alkoholi, kama zile za jamii ya poliglikoli. Ni safi kuliko mbarika na haziachi gundi. Yaani ili kuiondoa mbarika, wanakemia walilazimika kwanza kuiga sifa iliyokuwa ndani ya mbegu tangu mwanzo. Hata hivyo wengi huchanganya zote mbili, sintetiki kwa usafi na mbarika kidogo kama bima ya siku ya joto kali.

Hitimisho

Insha hii imefuata oili moja kupitia injini kadhaa. Imeonyesha kuwa Joseph Day alipolifanya kasha la krenki kuwa njia ya fueli, aliifunga oili na fueli katika safari moja, na tangu hapo swali la kwanza kwa oili likawa kama itayeyuka. Petroli ilijibu swali hilo kwa wepesi. Methanoli ililijibu kwa kuirudisha mbarika, ambayo awali ilisifiwa angani kwa sababu iliyo kinyume.

Kwetu sisi tunaosoma Kiswahili katika nchi za jirani kuna jambo la kuchukua. Historia za teknolojia huwataja Clerk, Day, Seguin na Arden, na ni haki yao. Mmea huonekana humo kama malighafi isiyo na kwao, ingawa chimbuko lake ni ukanda huu, Tanganyika ya wakati wa ukoloni iliuza nje mbegu zake, na jina lake limo katika lugha zetu tangu kabla hatujaachana. Sidai kwamba wazee wetu waligundua injini. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho na ni kigumu kukikanusha: ujuzi wa kwamba mbegu hii hutoa mafuta mazito yanayong'ang'ania yanapopakwa ulikuwepo hapa, ulikuwa na jina, na jina hilo bado linatumika. Mbarika inaota kando ya barabara nyingi tunazopita kwenda chuoni, na wengi wetu huiona kama gugu.

Kazi inayobaki inawangoja wanafunzi wenye masikio. Mafundi wa boti za ziwani na wa motokrosi wana misamiati yao ya uwiano, ya kunasa kwa ringi, ya injini "kukauka". Misamiati hiyo haijakusanywa ipasavyo. Mashine za mipigo miwili zinapungua mwaka hadi mwaka, na zikitoweka zitaondoka na maneno yake. Kuyakusanya sasa ni kazi ya isimu na ya historia kwa pamoja, na haihitaji maabara. Inahitaji daftari, subira, na nguo ambazo mtu hajali zikipata madoa ya oili.